Old Bill na Farasi Wazee wa Kairo

Farasi shujaa hukumbukwa kwa urahisi kuliko farasi mzee, kwa kuwa shujaa hujengewa sanamu akiwa ameinua kichwa, ilhali mzee huacha nyuma yake banda tupu, hesabu za shayiri na dawa, na watu wachache waliozijua tabia zake. Katika jiji la Kairo ipo kumbukumbu ya farasi wa aina hii ya pili, nayo haikuwekwa katika jumba la makumbusho bali katika hospitali ya wanyama ambayo hadi leo inapokea wagonjwa. Msafiri anayetoka katikati ya jiji huifikia kwa treni ya metro hadi kituo cha Sayyida Zaynab, kisha hutembea katika mtaa wa watu wa kawaida uliojengeka kuuzunguka msikiti wa mjukuu wa Mtume, ambaye maulidi yake huwavuta waumini kutoka vijiji vya kaskazini na kusini mwa Misri kila mwezi wa Rajabu. Kusini zaidi, upande wa Zayn al-Abidin, ndipo palipokuwa na machinjio ya jiji, na kando ya ukuta mrefu wa mfereji uliojengwa zamani kupeleka maji ya Nile kwenye ngome ya Salahuddin, watengenezaji wa ngozi walifanya kazi yao kwa vizazi vingi kabla ya kuhamishwa katika miaka ya karibuni. Hospitali yenyewe iko katika Mtaa wa Bayram al-Tunsi, uliopewa jina la mshairi aliyewatungia Wamisri kwa Kiarabu chao cha mitaani. Kwamba wanyama wanaochoka walipewa makao katika mtaa uleule ambamo wanyama walichinjwa na ngozi zao kulainishwa ni jambo linalostahili kutafakariwa na yeyote anayepita hapo, kwa sababu waliowatunza farasi hao walijua vizuri njia nyingine ilikuwa inaelekea wapi.

Asili ya hospitali hiyo ni Vita Kuu ya Kwanza. Jeshi la Uingereza na makoloni yake liliitumia Misri kama kituo chake kikuu katika vita dhidi ya dola ya Uthmaniya, na kutoka hapo likavuka jangwa la Sinai, likaingia Palestina na hatimaye Syria. Sehemu kubwa ya mwendo huo ilifanywa na kikosi cha wapanda farasi wa jangwani kilichoongozwa na Jenerali Harry Chauvel wa Australia, ambamo Waaustralia, Wanyuzilandi, Waingereza na Wahindi walipigana pamoja. Tarehe 31 Oktoba 1917 wapanda farasi wa Australia waliushambulia mji wa Beersheba kwa mbio za farasi, na shabaha yao haikuwa ngome peke yake bali pia visima, kwa kuwa farasi wengi walikuwa wamepitisha siku nzima na zaidi bila kunywa, wakiwa wamebeba mtu, silaha, chakula na nafaka yao wenyewe. Mji wa Jerusalem ulitekwa mwezi wa Desemba mwaka huohuo, na tarehe 1 Oktoba 1918 kikosi kikaingia Damascus.

Hapana budi kusimama kidogo Damascus. Mwanachuoni wa Syria, Mustafa al-Siba'i, katika maandishi yake kuhusu wakfu, yaani mali inayotolewa kwa ajili ya Mungu ili faida yake itumike kwa jambo la heri bila kuuzwa wala kurithiwa, alieleza kwamba mji huo ulikuwa na malisho ya kijani yaliyowekwa wakfu kwa ajili ya wanyama wazee na vilema ambao wenyewe waliacha kuwalisha kwa kuwa hawakuwa na faida tena. Humo walichunga mpaka wakafa. Kwa hiyo fikra ya kumpa farasi mzee mahali pa kupumzika haikuletwa Mashariki na Wazungu, na watu wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao wanajua wakfu wa misikiti, visima na makaburi, hawana sababu ya kuiona ngeni. Jambo la kusikitisha ni kwamba farasi waliomaliza safari yao ya vita katika mji wenye desturi hiyo hawakuandaliwa malisho na serikali iliyowatumia.

Vita vilipokwisha, serikali hiyo ilikuwa na maelfu ya farasi mbali na nyumbani, na kuwarejesha kulihitaji meli, fedha na muda wa karantini, yaani kuwatenga wanyama ili wasiingize magonjwa katika nchi waendayo. Waliokuwa wazima walihamishiwa vikosi vingine, baadhi yao vya India. Waliozeeka au kuumia walipigwa risasi. Na wapatao 20,000 wakauzwa huko Misri. Australia peke yake ilikuwa imepeleka farasi wapatao 136,000 ng'ambo katika vita hivyo, na ni mmoja tu aliyerudi: Sandy, farasi wa Jenerali William Bridges aliyefariki mwaka 1915 kwa jeraha alilolipata Gallipoli. Sandy alifika Melbourne mwaka 1918 akaachwa malishoni, na mwaka 1923, alipokuwa amepofuka na kudhoofika, akakatishwa uhai ili asiendelee kuteseka. Heshima aliyopewa ilikuwa ya kweli, lakini inaonyesha pia kwamba serikali zilijua jinsi ya kumrejesha farasi pale zilipotaka.

Waliouzwa Kairo waliingia katika kazi za jiji ambalo lilikuwa bado linasukumwa na misuli. Walikokota mawe kutoka machimboni, matofali, mchanga na mizigo ya sokoni, na kwa kuwa walikuwa farasi wakubwa waliozoea kula shayiri nyingi, walidhoofu upesi mikononi mwa watu ambao wenyewe walikula kwa shida. Ni makosa, na waandishi kadhaa wameyafanya, kuwachora wenye mikokoteni hao kama watu wakatili wa asili. Mtu anayelisha watoto kwa ujira wa siku hawezi kumpumzisha mnyama kwa juma moja akisubiri kidonda cha begani kipone, wala hawezi kununua mwingine mpaka huyu amefanya kazi ya kutosha. Lawama ya kwanza inamwelekea aliyeuza, ambaye alijua mnyama anakwenda wapi na akaipokea bei.

Ili kuelewa hali ya farasi hao mwaka 1930 yafaa kufanya hesabu ndogo. Farasi aliyeingia jeshini mwaka 1914 akiwa na miaka mitano alikuwa na miaka 21 kufikia wakati huo, na farasi anayetunzwa vizuri huishi kwa kawaida kati ya miaka 25 na 30. Umri wake husomwa hasa mdomoni. Meno ya farasi huendelea kuchomoza taratibu katika maisha yake yote huku yakilika kwa kusaga majani, na katika jino la pembeni la mbele, taya la juu, hutokea mfereji mwembamba wenye rangi ya giza ambao huanza kuonekana karibu na ufizi mnyama anapofikia miaka 10, hufika nusu ya jino miaka 15, hulijaza jino zima miaka 20, kisha huanza kufutika kutoka juu. Kipimo hiki si cha uhakika kamili, kwa sababu chakula chenye mchanga humaliza meno mapema, lakini mtaalamu huyatazama pia mashimo yanayozama juu ya macho, mgongo unaoshuka, mvi za usoni na pembe ya meno ya mbele, ambayo hulala zaidi kadiri umri unavyosonga. Farasi mzee ambaye magego yake yamekwisha hutafuna majani na kuyatema yakiwa vibonge, na anaweza kufa njaa mbele ya hori lililojaa. Farasi wa zamani wa jeshi alikuwa na dalili moja zaidi: chapa ya mshale mpana iliyochomwa kwenye ngozi yake, ambayo ilikuwa alama ya mali ya serikali ya Uingereza na ambayo haikufutika kwa kuuzwa.

Alama hiyo ndiyo aliyoitafuta Dorothy Brooke, mwanamke wa Kiingereza aliyefika Kairo mwaka 1930 pamoja na mumewe, Brigedia Geoffrey Brooke, ambaye alikuwa amepewa uongozi wa brigedi ya wapanda farasi wa Uingereza nchini Misri. Kabla ya kufika alikwishasikia kwamba farasi wa vita waliuzwa huko, na alipofika aliwatafuta mitaani na katika mabanda ya chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama kilichokuwa kikifanya kazi jijini. Katika mabanda hayo alimkuta farasi ambaye jina lake limebaki kuliko ya wengine wote, Old Bill, mnyama aliyekonda hadi mifupa lakini ambaye umbo lake lilionyesha bado kwamba aliwahi kuwa farasi bora. Shajara ya Brooke inamwelezea kama mnyama aliyewahi kujua malisho ya kijani, kupigwa brashi na kutunzwa, kisha akavumilia katika vita vya Palestina taabu ambazo farasi wachache wamewahi kuzijua. Brooke alimnunua, akampa siku chache za chakula laini na kitanda cha majani, kisha akaamuru amalizwe bila maumivu.

Msomaji anayependa hadithi zenye kupona huenda akaona hapo kuna kushindwa. Ukweli ni kwamba hapo ndipo penye kiini cha jambo zima. Old Bill hakuokolewa ili aishi miaka kumi kivulini, kwa kuwa mwili wake haukuwa na miaka hiyo. Aliokolewa kutoka katika kifo cha namna fulani na kupewa kifo cha namna nyingine, na kati ya vifo hivyo viwili akapata siku ambazo hakuna aliyemfunga kwenye gari. Kumwachia mnyama huyo uhai kwa sababu binadamu anaona uchungu kumpoteza kungekuwa kuweka hisia za binadamu juu ya maumivu ya mnyama. Madaktari wa mifugo hukiita kitendo cha kummaliza mnyama bila maumivu kwa majina ya kitaalamu, na maana yake ni kuukatisha uhai haraka, kwa mkono wenye ujuzi, pale ugonjwa au uzee unapokuwa umeondoa kila tumaini la nafuu. Brooke alilazimika kuyafanya maamuzi hayo mara nyingi kiasi ambacho watu wachache wangeweza kustahimili.

Mwezi wa Aprili 1931 aliandika barua katika gazeti la Morning Post la London akiomba wananchi wachange fedha za kuwanunua farasi wa vita waliosalia, na michango ikaja kwa wingi, mingi ikitoka kwa askari wa zamani waliowakumbuka farasi wao wenyewe. Ikaundwa kamati ya ununuzi. Wenye farasi waliwaleta, kamati ikawachunguza meno, miguu na chapa, bei ikakubaliwa, na katika miaka michache farasi wapatao 5,000 wakanunuliwa. Hapakuwa na kumnyang'anya mtu mnyama wake: mwenye mkokoteni alilipwa, na malipo hayo yalimwezesha kutafuta farasi mwingine au punda na kuendelea na riziki yake. Brooke aliandika jinsi wanyama hao, wengi wao wakiwa vipofu au vilema, walivyoletwa katika banda lililotandikwa majani makavu mengi, na jinsi walivyosita mwanzoni mbele ya kitanda hicho kana kwamba hawaamini, kisha kwato zao zilipokigusa wakaingia, wengine wakalala chini kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Farasi anaweza kusinzia akiwa amesimama, kwa sababu kano za miguu yake hujifunga na kuushikilia mwili, lakini usingizi mzito huupata akiwa amelala, naye halali mahali asipojiona salama. Jambo hili la mwili linaeleza vizuri kuliko maneno ya huruma kwa nini kitanda cha majani kilihesabiwa kuwa tiba.

Wasomaji wa Afrika Mashariki watakuwa na swali lao, nalo ni la haki: katika vita vilevile, wanyama wa huku walikwenda wapi? Jeshi la Jenerali Jan Smuts lilipoingia Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1916 lilileta wapanda farasi wa Afrika Kusini, na farasi na nyumbu hao wakafa kwa maelfu mengi kutokana na nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, na homa ya farasi inayoletwa na wadudu wanaouma usiku. Hapakuwa na farasi mzee wa kuuzwa baadaye, kwa kuwa hawakuufikia uzee. Mzigo ukahamia kwenye vichwa vya wapagazi, wanaume walioandikishwa na mara nyingi kukamatwa, ambao walikufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, kuhara na uchovu, na ambao kikosi chao kimeacha jina lake Kariakoo jijini Dar es Salaam na Kariokor jijini Nairobi. Wapagazi hao walikuwa watu, wenye mama, wake na mashamba, na hesabu yao haiwezi kuwekwa kwenye mizani moja na ya wanyama. Hata hivyo fikra iliyowatumia na kuwaacha ilikuwa ileile iliyohesabu gharama ya meli na kuona kwamba farasi wa Palestina hawana thamani ya nauli. Michango iliyotoka Uingereza kwa ajili ya farasi wa Kairo haikufuatwa na michango ya namna hiyo kwa wajane wa wapagazi, na kusema hivyo si kuwaonea wivu farasi, bali ni kutaka ukumbusho uenee hadi pale ambapo haukufika.

Mwaka 1934, wakati farasi wa vita walikuwa wamebaki wachache sana, Brooke angeweza kufunga hesabu na kurudi kwao. Aliona, hata hivyo, kwamba pembeni ya kila farasi aliyenunuliwa walikuwapo farasi, nyumbu na punda wengine ambao hawakuwahi kwenda vitani na ambao hakuna askari wa zamani angewachangia. Akaanzisha hospitali iliyopewa jina la ukumbusho wa farasi wazee wa vita, ikiwatibu bila malipo wanyama wa watu maskini, na hospitali hiyo ndiyo iliyokua ikawa shirika linaloitwa leo Brooke, ambalo kazi yake inafika India, Pakistan, Senegal, Kenya na kwingineko. Brooke mwenyewe alifia Kairo mwaka 1955. Uamuzi wake wa mwaka 1934 ni mkubwa kuliko ule wa mwaka 1930, kwa kuwa ni rahisi kumpenda mnyama anayekukumbusha nchi yako, na ni vigumu zaidi kulibeba jukumu la yule asiye na historia inayokuhusu.

Maradhi yanayotibiwa katika hospitali za namna hiyo hayana ajabu yoyote. Vipo vidonda vinavyosababishwa na hatamu na mikanda isiyokaa vizuri, ambavyo havitapona kwa dawa hata siku moja ikiwa mkanda haukurekebishwa. Zipo kwato zilizorefuka au kupasuka. Upo msokoto wa tumbo, ambao kwa farasi ni hatari kubwa kwa sababu hawezi kutapika. Na lipo joto la kiangazi pamoja na ukosefu wa maji. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi humhusu mwenye mnyama kuliko mnyama: kumwonyesha namna ya kuweka kitambaa chini ya mkanda, kumwelekeza kwa mpiga kwato aliyefunzwa, kumweleza kwa nini farasi anyweshwe mara kadhaa kwa siku. Katika mji wa Lamu, ambako punda ndiye mbebaji wa mchanga, mawe ya ujenzi na chakula katika vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita, kituo cha punda kilichofunguliwa mwaka 1987 na shirika jingine la Kiingereza hufanya kazi inayofanana na hiyo, ikiwa ni pamoja na kuwatunza punda wazee wasioweza tena kubeba, na wenyeji wa Lamu wamekizoea kiasi cha kukihesabu kuwa sehemu ya mji.

Msafiri anayetaka kuona hatima ya urithi wa Old Bill asiishie Sayyida Zaynab, bali aende Giza, ambako farasi na ngamia huwachukua watalii kuyatazama mapiramidi, kisha apande treni ya kusini hadi Luxor na Edfu, ambako magari ya farasi yaitwayo hantur huwapokea abiria wa meli za Nile na, kule Edfu, kuwapeleka kwenye hekalu la Horus. Huko atawaona farasi wanaong'aa na wengine ambao mbavu zao zinahesabika, mara nyingi katika foleni moja, na akiwauliza waendeshaji atajibiwa kwanza habari za watalii, kwa maana idadi ya watalii ndiyo idadi ya vibaba vya shayiri. Mapinduzi ya mwaka 2011 yalipoufukuza utalii kwa ghafla, farasi wa Giza walikonda na baadhi yao wakafa kwa njaa, si kwa sababu wenyewe waliacha kuwapenda bali kwa sababu mfuko ulikuwa mtupu, na mashirika ya kutetea wanyama, Brooke likiwemo, yakalazimika kugawa chakula kwa magunia. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozifunga meli na mahekalu, mashirika ya hisani yaliwagawia tena chakula farasi wa watalii, na katika foleni hizo, kama katika mabanda ya mwaka 1930, waliotangulia kuonyesha mifupa walikuwa wale wazee wenye meno yaliyokwisha.